Njia ya Lami na Makumbi

Naikumbuka bado siku moja ya joto la kaskazi, mwanangu Raya, jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimesimama peku kwenye njia nyeusi tuliyoitengeneza kwa mikono yetu. Simu hiyo iweke chini. Vuta hicho kigoda, kaa hapa karibu na cherehani, nna neno na wewe.

Jana umerudi mazoezini ukanihadithia jambo huku unacheka. Sikukujibu. Ulidhani sikusikia, ukarudia kwa sauti ya juu kama mnavyotufanyia sote wazee. Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Umesema kwenye ule uwanja wenu mwekundu, kona ya pili, mpira wa kukimbilia umebanduka kwenye njia moja na ncha yake imenyanyuka, mtu akipita kwa mbio unaweza kumtega. Ukasema njia hiyo ndiyo aliyopangiwa Nasra, mwenzako unayeshindana naye, siku ya mashindano, na Nasra hajui, kwa sababu yeye mazoezi yake huyafanya kwao Mwanakwerekwe kwenye vumbi. Ukamaliza kwa kusema, "Mimi simo, Bibi. Sikuubandua mimi."

Ni kweli hukuubandua wewe. Hilo nshakukubalia, tusilirudie. Sasa tazama hapo chini, kwenye mguu wa cherehani. Hicho kipande chekundu ulichoniuliza tangu una meno ya utoto, nami nikakwambia ni mpira tu wa kuzuia mashine isiteleze. Hicho ni kipande cha uwanja wa kukimbilia. Na kilivyonifikia ndiyo maneno yangu ya leo.

Mapinduzi yalikuwa yameshapita miaka kadhaa. Mimi nilikuwa msichana wa skuli, nakaa kwa shangazi yangu Malindi ya mjini Unguja, likizo narudi kwetu Bwejuu. Nilikuwa na mbio. Sisemi kwa kujisifu, waulize wa rika langu waliobaki. Watoto wa pwani ya kule tulikuwa tukishuka na mama zetu maji ya bamvua yakitoka, tunachokoa pweza kwenye miamba, na maji yakianza kujaa hutembei tena, unakimbia. Ami yangu, ndugu wa baba, alipolalamika kwamba mtoto wa kike anakimbia mbele za watu, mama alimjibu, "Pwani anakimbia kila siku na hujasema kitu, kwa sababu anarudi na pweza." Ami akala pweza wake.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mwalimu Makame. Mrefu, mwembamba, hasira karibu, lakini hakuwa na kinyongo. Alipelekwa Ulaya masomo mafupi ya michezo, na aliporudi tulimzunguka tukidhani katuletea peremende. Akaingiza mkono ndani ya begi, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa hicho kipande. Kilikuwa chekundu kuliko hivi sasa.

"Huko wenzetu wanakimbilia juu ya hiki," alisema. "Uwanja mzima."

Tulikipitisha mkono kwa mkono. Tulikibonyeza, tukakinusa, mmoja wetu akakiuma, wallahi nnakwambia kweli, na alama ya meno ipo mpaka leo ukikigeuza. Sisi tulijua majani, tulijua mchanga, tulijua udongo mwekundu unaokauka ukawa kama sahani. Uwanja uliomwagwa kama uji kutoka kiwandani, usioota majani wala kufanya tope, hatukupata kuusikia. Mwalimu akatueleza kwamba mvua ikinyesha maji yanateremka na watu wanaendelea kukimbia. Tulimcheka. Alituacha tucheke, kisha akatupa habari yenyewe: kuna mashindano ng'ambo, kwenye uwanja wa namna hiyo, na Unguja imepewa nafasi ya msichana mmoja.

Msichana mmoja, Raya. Na sote tulijua ni mmoja kati ya wawili, mimi au Sauda.

Sauda alikuwa mtoto wa mjini, wa Kiponda, baba yake akiuza vitambaa. Amezaliwa kwenye vichochoro vya mawe na viatu vyake miguuni. Alikuwa rafiki yangu, tena rafiki wa kugombana naye asubuhi na kula naye mchana. Kwenye majani, amevaa raba zake nyeupe, hakuna aliyemfikia. Mimi nilikuwa nikimwona mgongo tu.

Mwalimu Makame akaona kwamba tukienda ng'ambo na miguu ya majani tutaaibika. Akaamua tutengeneze njia yetu wenyewe, ya mita mia, iliyonyooka, pembeni ya kiwanja cha skuli. Mpira wa kiwandani hatuna, lakini kisiwa hiki kina makumbi ya nazi. Aliwaza hivi: lami kwa ajili ya kushikana, usumba wa makumbi ndani yake kwa ajili ya kubonyea. Akapita kwa watengeneza barabara akaombaomba mabaki ya lami. Mimi nikatumwa Bwejuu kwa mama.

Wewe makumbi yaliyofukiwa hukuyaona, basi nikueleze. Kina mama wa kwetu walikuwa wakiyazika pwani, kwenye mashimo ya matope, kila mmoja na shimo lake, wanayawekea mawe juu na kuyaacha miezi mpaka yaoze vizuri. Kisha wanayafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka nyuzi zinabaki safi, ndiyo usumba, wa kusokota kamba. Harufu yake ukiipata huisahau. Mama na wenzake walipiga usumba kwa ajili yetu, wakaimba, wakatutania kwamba Serikali imeanza kutandika barabara vitanda. Magunia yakapakiwa juu ya gari la shamba, abiria wakaziba pua mpaka mjini.

Tulifanya kazi sote. Walimu walikoroga lami ndani ya mapipa, wavulana wakamwaga, sisi tukatandaza usumba na vumbi lake, na pipa lililojazwa mchanga likaviringishwa juu kushindilia. Nguo zetu mbili tatu ziliharibika moja kwa moja. Shangazi alinitandika kwa ajili ya sketi.

Na ile njia, mwanangu, ilikuwa nzuri! Usicheke. Tuliijaribu alfajiri, umande umeipoza, na ilikuwa imara, inabonyea kidogo tu, inakurudishia mguu. Mwalimu alikataza viatu, maana raba zilikuwa zinang'oa usumba, kwa hiyo sote tulikimbia peku. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Juu ya ile lami, miguu mitupu, nilimshinda Sauda. Nikamshinda na kesho yake, na kila asubuhi baada ya hapo. Ikawa yeye ndiye anayeuona mgongo wangu. Mwalimu akatangaza kwamba mchujo utafanyika pale pale, kwa kuwa mashindano yenyewe ni kwenye mpira, si kwenye majani. Sauda akaninunia tangu siku hiyo. Mimi nilianza kumwuliza shangazi ndani ya ndege kunavaliwa nini.

Sasa sikiliza kosa letu, maana lilikuwa letu sote, la Mwalimu, la mama, la watengeneza barabara na la kwangu. Sisi ni watu wa kufanya kazi alfajiri na kupumzika jua likipanda. Mazoezi yetu yote yalikuwa baada ya sala ya alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuikanyaga ile njia mchana. Hakukuwa na sababu. Ila wageni wakubwa walioalikwa kushuhudia mchujo walikuwa watu wa maofisini, na maofisi yanafungwa saa nane. Basi mchujo ukawekwa saa nane, katikati ya kaskazi.

Nilifika kabla ya wenzangu. Nikavua makatambuga yangu ya tairi, nikaweka mguu kwenye njia.

Yaa Rabbi! Iliniunguza mpaka machozi yakanitoka. Nikatazama chini nikaona lami imeanza kulainika, inapanda katikati ya vidole. Lakini sikutoka. Nilitaka kujua. Nikatembea mpaka mwisho, nikarudi kwa mwendo wa haraka, na nikaona naweza. Nyayo zangu zilikuwa za miamba ya Bwejuu, ngumu kama ngozi ya ngoma. Ingeniuma, ningevumilia, ningefika.

Nikamfikiria Sauda na miguu yake ya Kiponda. Sauda hawezi. Sauda atavua raba mbele ya wageni, filimbi italia, atapiga hatua chache na nyayo zitababuka. Na nilipofikiria hivyo nilicheka, Raya. Peke yangu, pembeni ya njia. Jana uliponihadithia habari za Nasra nilikisikia kicheko chako nikakijua, maana nshawahi kuwa nacho.

Na mimi nilijiambia maneno yako yale yale. Sikuliwasha mimi jua. Sikumwaga lami peke yangu. Mwalimu ndiye aliyepanga saa.

Sauda akaja. Amesukwa vizuri, raba zimepakwa chokaa nyeupe, mama yake na dada zake wako nyuma na mabuibui yao. Akanipita, akarudi, akaniuliza kama tulivyokuwa tukiulizana kila asubuhi.

"Njia vipi leo, Mwanaisha?"

Alikuwa ananuniana na mimi, na bado aliniuliza. Nikajifanya nafunga kamba ya sketi. Kamba ilikuwa imefungwa. Nikaifungua nikaifunga tena. Ukimya ulikuwa ukinitosha kabisa, hata uongo sikuuhitaji. Ningesema "ya kawaida," au ningeinua mabega, basi ndege ilikuwa yangu. Nilikuwa naitaka ile safari kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mpaka leo sijataka tena kitu namna ile, hata bwana wangu, Mungu amrehemu, asinisikie.

Lakini alikuwa ananitazama usoni. Nikamwonyesha unyayo wangu, mweusi na umevimba.

"Inaunguza," nikamwambia. "Usivue viatu. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Makame alikuwa anawapangia wageni viti chini ya turubali, jasho linamtoka, tai imemkaba. Nikamwita pembeni nikamweleza. Akakasirika.

"Leo ndiyo unanambia? Wageni wameshakaa! Unaogopa kushindwa wewe?"

"Siogopi, Mwalimu. Mimi naweza. Sauda ndiye hawezi."

Akanitazama. Akamtazama Sauda. Nadhani alielewa nilichokuwa nakitupa, maana alikuwa akitupima kila asubuhi na anajua nani anamshinda nani wapi. Akainama akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali, mbele ya wakubwa wote wale. Akatembea mpaka kwenye njia akasimama juu yake na miguu mitupu. Tuliona midomo yake inakaza. Alisimama mpaka aliporidhika, kisha akarudi kwa wageni, na kwenye mkeka mpya uliotandikwa mbele yao akaacha nyayo nyeusi, moja moja, mpaka alipofika.

"Waheshimiwa," alisema, "njia hii nimeitengeneza mimi na nimekosea. Sikuijaribu mchana. Watoto watakimbia kwenye majani."

Mgeni mmoja akacheka. Mwingine akauliza kwa sauti kama ndiyo maana walitolewa maofisini. Mwalimu alisimama pale pale, mikono nyuma, akawaacha wamalize. Nimewaona wanaume wengi katika maisha yangu wakifanya mambo ya kusifiwa, na wengine nimewashonea kanzu za sherehe zao. Yule, na lami yake miguuni, ndiye niliyemheshimu zaidi.

Tukakimbia kwenye majani. Unajua nini kilitokea, sina haja ya kukuzungusha. Sauda alivaa raba zake, mimi nyayo zinaniwaka. Nikauona mgongo wake kama zamani. Dada zake wakapiga vigelegele, na yeye akaja kunikumbatia, na mimi nikamsukuma. Naam, nilimsukuma. Nilikuwa na uchungu.

Nilirudi Bwejuu na lile gari la shamba. Nilimkuta mama pwani, anafukua shimo lake, matope mpaka magotini. Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Nikamweleza yote. Nikamwambia ningenyamaza, ningenyamaza tu mama, sasa hivi ningekuwa nashonewa nguo za safari.

Mama alinyooka, gongo mkononi. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza.

"Unalia kwa kushindwa, au unalia kwa kusema?" aliniuliza. "Kama ni kwa kushindwa, lia, haki yako, nami ntakaa na wewe hapa mpaka maji yajae. Kama unalia kwa kuwa umemwambia mwenzako asiungue, basi nyamaza sasa hivi, usiniaibishe mbele ya hawa."

Hawa walikuwa jirani zake kwenye mashimo yao, kila mmoja kajifanya anapiga makumbi na masikio yote kwetu. Nilifikiri. Ilinichukua muda, maana vilio viwili hivyo vinafanana sana ukiwa ndani yake. Kisha nikalia kwa kushindwa, na mama akaacha kazi akakaa na mimi kama alivyoahidi.

Sauda alikwenda ng'ambo. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwa shangazi, hata kwao hajalala vizuri, akanambia kwamba ameshindwa vibaya, wasichana wa huko wana miguu kama minazi. Nikamwuliza habari za mpira. Akasema, "Mgumu, Mwanaisha. Mgumu kuliko tulivyodhani. Njia yetu ya alfajiri ilikuwa laini zaidi." Tukacheka mpaka shangazi akatufukuza. Mwalimu Makame naye, wakati ile njia ya lami inang'olewa kwa majembe, aliniita akanipa hicho kipande. Alisema, "Hiki chako," akaondoka zake. Hakuwa mtu wa hotuba.

Na Sauda huyo ndiye Bi Sauda wako. Huyo huyo anayekuletea kashata kila Ijumaa na kukwambia umekonda. Ndiye aliyekaa na mama yako hospitali wiki nzima ulipozaliwa, mimi nikiwa kitandani na homa. Usidhani kwamba alinishukuru siku ile. Mpaka leo anabisha. Anasema hata lami ingekuwa inachemka angenishinda, na mimi namwambia atoe huo unyayo wake wa Kiponda tuukanyagishe kwenye bati la jua tuone. Wazee wazima tunagombana, wewe umetusikia, ulidhani tunagombania kashata.

Sikwambii kwamba nililipwa, Raya. Sikulipwa. Safari ile haikurudi, na skuli ilipokwisha nikashika cherehani. Zipo asubuhi nikikanyaga pedeli mguu unanambia ungeweza kuwa umekwenda. Nimeishi nayo hiyo. Ila Sauda anapoingia mlangoni hapa na kikapu chake, namtazama machoni bila kutafuta kamba ya kufunga.

Basi nasaha yangu ni hii, na ni moja tu. Kesho ukitoka skuli usije nyumbani. Nenda Mwanakwerekwe kwa kina Nasra, mwamkie mama yake, kisha umwambie Nasra kwa mdomo wako, si kwa simu, kwamba kona ya pili mpira umebanduka. Mwende pamoja mkawaonyeshe wenye uwanja waubandike. Ukikuta wamekasirika, waache wakasirike, utarudi mzima. Na siku ya mashindano mshinde, mwanangu. Mshinde hasa, usimwonee huruma, mimi na Bi Sauda tutapiga vigelegele mpaka tufukuzwe. Ukishindwa, uje ulie hapa. Ntaacha kushona, ntakaa na wewe.

Na mbio zikisha unishike mkono, unipeleke mpaka kwenye huo mpira wenu, nivue viatu. Niukanyage mara moja nijue Sauda alisema kweli au alinidanganya miaka yote hii.

Haya, inuka. Mwenyezi Mungu akupe mbio, akupe na pumzi ya kuzimaliza. Akukinge na kila kilichobanduka mbele yako, na pale usipokiona, akuweke karibu na mtu atakayekwambia. Amin.